Neno Pembeni ya Namba

…na kumi na nne ni nyingi mno, nani alisema dakika ni kitu kidogo, mashine imeziandika kwenye kioo chake kwa rangi ya kijani, zimebaki dakika kumi na nne, kwa upole kabisa, kama mhudumu wa benki anayekuomba ukakae kiti kile pale, na ndani ya mashine kuna damu ya dada yake, kichupa cha kumi na moja kati ya ishirini, amekipanga yeye, mtu wa maabara, kwa mkono wake mwenyewe, lebo imesomwa, kifuniko kimefungwa, hakuna cha kufanya tena isipokuwa kukaa kwenye hiki kigoda kirefu cha maabara na kukunja ngumi ndani ya glovu, na nyuma yake mwenzake wa zamu anaendelea na habari ya sofa, sofa ambalo shemeji yake amemnunulia bila kupima mlango, "wamelilaza, wamelisimamisha, wamelitoa miguu, wapi!" na anacheka peke yake, naye anaitikia ehee, ehee, bila kugeuka, maana akigeuka atamrushia kitu, na yule hana kosa, kosa lake ni kuwa na sofa.

Na dada yake yuko nje, upande wa pili wa ukuta huu huu, kwenye benchi la wagonjwa, sauti yake inaingia kwa kile kidirisha cha kupokelea vichupa, anawasimulia watu asiowajua habari ya mwanafunzi wake aliyerudi nyuma na gari mpaka ndani ya duka la kinyozi, mteja bado ana povu kichwani, na benchi zima linacheka, hata wale waliokuja na nyuso za msibani wanacheka, ndivyo alivyo, mwalimu wa udereva, miaka ishirini na tisa amekaa kiti cha kushoto au cha kulia, popote walipofunga ile breki ya pili ya mwalimu, mpaka mji mzima unamwita Breki, na yeye Breki ndiye aliyempa mdogo wake jina la Hadubini tangu utotoni, kwa sababu alikuwa akilala kifudifudi kutwa nzima kuwatazama sisimizi, hilo jina limemfuata mpaka kwenye hii kazi, na leo Hadubini amevaa koti jeupe na anatazama mashine kwa jicho la mtu anayetaka kuipiga teke… kumi na tatu… isipigwe teke, mashine haina dhambi, inafanya ilichotumwa, inatafuta protini moja tu, ile ambayo saratani ya kizazi huivujisha kwenye damu, kidogokidogo, kama mwizi anayeacha alama za viatu, kabla ya upasuaji inakudokeza ugonjwa umechimba mpaka wapi, na baada ya upasuaji inakuambia kama unarudi, kiashiria, ndivyo wanavyokiita, na watu wakisikia kizazi wanakimbilia kuuliza ile chanjo, vipi ile chanjo, hapana, hiyo ni ya shingo ya kizazi, hii ni ya kizazi chenyewe, ndani, ukutani, nyumba yenyewe siyo mlango wake, amelieleza hilo kwa wifi, kwa majirani, kwa mchungaji, kwa yule mama wa duka la dawa, amechoka kueleza, angeandika kwenye ubao avae shingoni.

Mia mbili na kumi na mbili kabla ya upasuaji. Sitini na nne baada yake. Sabini na moja. Themanini na nane. Hizo namba hakuziandika popote wala hahitaji, anazijua kama tarehe za kuzaliwa za watoto wake, na mbele ya kila moja kati ya hizo tatu za mwisho mashine imeandika neno lile lile, KAWAIDA, kwa sababu mpaka wa maabara ni mia na arobaini na mashine haijui kupanda, inajua juu na chini tu, themanini na nane iko chini ya mpaka kwa hiyo ni kawaida, kwisha, chapa, peleka, na daktari kijana wa huko juu anapokea karatasi, jicho lake linaruka namba linatua kwenye neno, kawaida, anatabasamu, mama uko vizuri, tuonane baada ya miezi mitatu, kawaida, neno gani hili jamani, nani alilitunga, limeua watu wangapi… "sasa wanasema wavunje mlango," mwenzake anasema, "mlango! wakati wangerudisha tu sofa"… ehee.

Na kama ni kuhesabu walioua kwa neno hilo basi wa kwanza ni yule wa kliniki ya mtaani, ambaye dada yake alimbatiza Bwana Homoni, kwa sababu kila alichoulizwa jibu lake lilikuwa homoni, mama umri huo homoni zinacheza, mwanamke wa miaka hamsini na sita, ametimiza miaka mitatu hajaona siku zake, anaona damu, na mtu aliyesomeshwa miaka saba anaandika vidonge vya kuongeza damu, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, hakumwambia panda kitandani, hakumpeleka picha, hata kalamu hakuiweka chini, Hadubini alimwona siku moja tu, siku alipomsindikiza dada yake mara ya tatu, alikuwa na kucha safi sana, kucha zilizokatwa duara, na alisema, "Tusimtishe mama," kana kwamba mama hayupo chumbani, kana kwamba mama si mtu anayefundisha vijana wazima kupita kati ya malori mawili bila kupepesa jicho, tusimtishe! mwezi mzima uliofuata Hadubini alikuwa akijiviringishia ile sentensi kichwani na kumjibu yule bwana majibu ambayo hakumjibu, mtishe! mtishe basi, mtishe mpaka apande kitandani, na angali anamjibu mpaka leo, akiwa bafuni, akiwa anapanga foleni ya mkate, midomo inamcheza watu wanadhani anasali.

Na lile taulo. Mungu wangu, lile taulo. La bluu, limekunjwa mara nne, kwenye kiti cha mwalimu ndani ya lile gari la mafunzo, mwaka na miezi miwili, wanafunzi walidhani ni mgongo, mwalimu ana mgongo, na yeye akawaachia wadhani, akikanyaga breki yake, akipiga kelele kioo! tazama kioo! na huku chini anavuja, akifika nyumbani analifua mwenyewe kwa maji ya baridi na kulianika ndani ya nyumba, si nje, ndani, nyuma ya mlango wa chumba… dakika kumi… na kaka yao mkubwa alipoambiwa alisema hayo ni mambo ya kina mama, malizaneni wenyewe, na siku ya upasuaji akaja na matunda, kilo tatu za matunda, akaketi na kusema Mungu ni mwema, Hadubini alitoka nje ya wodi ili asimpige kaka yake kwa kilo tatu za matunda.

Simu inalia, mwenzake anainyakua, "Maabara… eeh… nani? yule mama wa kizazi? subiri," anaziba simu kwa kiganja, "ni daktari wa juu, anauliza ya dada yako," naye anaichukua na kusema bado dakika tisa, na sauti ile changa, ya haraka, yenye adabu, inasema, "Hamna shida, dada, nilitaka nimwache aende tu, yale ya mwanzo si yote yalikuwa kawaida?" yote yalikuwa kawaida, ndiyo, yalikuwa… "na picha yake nimeshaipanga, baada ya miezi sita," miezi sita, anasema haya, anaweka simu, anasema haya! haya, mtu mzima mwenye cheti ukutani anasema haya, hakusema daktari zitazame namba zenyewe, hakusema sitini na nne, sabini na moja, themanini na nane, kwa sababu mkuu wa maabara amekataza, sisi tunatoa namba hatutoi maoni, kila mtu na kazi yake, alilisema kwenye kikao huku akichokoa jino, hatutoi maoni, na Hadubini miaka kumi na sita hajatoa maoni, ametoa namba, laki ngapi za namba, zimepita mikononi mwake kama maji ya bomba, na nani anajua ni ngapi kati yake zilikuwa zikipanda polepole chini ya mpaka, za kina mama ambao hawakuwa dada wa mtu wa maabara…

…hasira inampanda upya, maana amekumbuka semina, mwaka jana, ule ukumbi wenye viti vya plastiki na feni moja, mhadhiri mgeni na kifimbo chake cha taa nyekundu, hawa ni wanawake ambao kiashiria kilikuwa juu, hawa ni ambao kilikuwa chini, mistari miwili ubaoni, ya waliobaki hai mwaka hadi mwaka, mmoja unateremka taratibu, mwingine unateremka kama ngazi ya kushukia chini ya nyumba, na yeye akiwa kwenye kiti cha tatu alijua kwamba kila kidato cha ile ngazi ni mwanamke aliyekufa, kidato, mwanamke, kidato, mwanamke, mmoja wao pengine alikuwa na taulo lake, na dada yake na mia mbili na kumi na mbili zake yuko mahali fulani kwenye ngazi ile, mhadhiri akasema kwa hiyo kiashiria hiki kinatusaidia kutabiri, akatabasamu, watu wakapiga makofi, chai ikaletwa, na hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza, tukishatabiri tunafanya nini? tunamwambia nani? kutabiri halafu ukanyamaza kunaitwaje? yeye pia hakunyoosha, alikuwa na kikombe mkononi, alikunywa chai, alikula na keki.

Saba. Na sasa ni nani mwingine, endelea kuwahesabu, Hadubini, umebakiza nani, Bwana Homoni umemhukumu, kaka umemhukumu, mkuu na jino lake, mhadhiri na taa yake, kijana wa juu na adabu zake, safu nzima umeipanga ukutani, na kuna mtu mmoja unamruka kila ukipita, unamruka kwa ustadi, miaka miwili na nusu unamruka… ilikuwa Jumamosi, hapana, asianze hiyo, mwenzake anasema nini? "mwisho wa yote wakalipitisha dirishani, unaamini? dirishani!" ehee, dirishani… ilikuwa Jumamosi asubuhi, dada yake anaosha lile gari la mafunzo uani, suruali imekunjwa mpaka magotini, na yeye ameketi kwenye ngazi ya jikoni anamenya chungwa, na dada yake akasema bila kugeuka, huku sifongo likizunguka juu ya boneti, "Hadubini, nimeona damu. Baada ya miaka mitatu, hebu fikiria," na yeye, mtu wa maabara, mtu wa koti jeupe, mtu wa pekee katika ukoo mzima aliyewahi kushika kitabu cha magonjwa, akacheka, alicheka, mdomo umejaa chungwa, akasema, "Kawaida hiyo, mwili unaaga. Au umerudia usichana, tukutafutie mchumba?" na dada yake akacheka pia, akammwagia maji ya povu, na sifongo likaendelea kuzunguka, na basi, wakahamia habari nyingine, bei ya matairi.

Kawaida hiyo. Ni yeye. Si Bwana Homoni wa kwanza, yule alikuwa wa pili, miezi sita baadaye, wa kwanza ni yeye, alilitamka hilo neno kabla ya mashine, kabla ya daktari yeyote, bure, bila hata kuulizwa, kwa sababu chungwa lilikuwa tamu na asubuhi ilikuwa nzuri, na tangu hapo amekuwa akizunguka na hasira kama mtu anayetembea na jiko la moto akitafuta nyumba ya kulitua, anapiga hodi kwa huyu, kwa yule, kumbe kwake ndiko… na inamuuma sana kwamba hata hapo hasira haipungui, alidhani ukiikubali itapungua, haipungui, Bwana Homoni bado ana makosa yake, kaka bado ana matunda yake, hakuna aliyetolewa kwenye safu, ila ameongezeka mmoja, yeye, mwanzoni kabisa.

Tano. Na kitu kingine anakiona sasa, amekuwa nacho muda wote kama kalamu iliyo juu ya sikio, kwamba anangoja nini? anaingojea mashine imwambie nini ambacho hajui? ikija tisini ni mbaya, ikija mia ni mbaya zaidi, ikija themanini labda atapumua, lakini ngazi ya namba tayari ipo, imepanda mara mbili, tangu miezi mitatu iliyopita alipaswa kupiga ile simu, si kungoja kupigiwa, ile nafasi iliyo chini ya karatasi ya majibu, mstari ulioandikwa maelezo, mstari ambao miaka kumi na sita wameuacha mtupu, hauhitaji ruhusa ya namba ya leo, mkuu atafoka, afoke, atamwandikia barua, amwandikie, na anaivua glovu moja, mkono umelowa jasho, anauweka juu ya vibonye vya kompyuta na vidole haviendi, kwa sababu kabla ya mstari huo kuna jambo jingine la kusema na halisemwi kwa kompyuta.

Anateremka kigodani. Anafungua kile kidirisha, benchi zima linageuka kumtazama, watu wakisikia kidirisha kinafunguka hudhani ni zamu yao, naye anasema, "Dada, ingia ndani," na dada yake anasema, "Mimi? Hapa mlangoni si pameandikwa wagonjwa marufuku?" na yeye anasema ingia, na Breki anawaambia wenzake wa benchini msiendelee kucheka bila mimi, anaingia, amekonda, hilo gauni la kijivu lilikuwa linambana sasa linampepea, anatazamatazama huku na huku kama mtu aliyeingia jiko la hoteli, mwenzake wa zamu anafungua kinywa kukataza, anawatazama nyuso, anakifunga, anachukua kikombe chake na kutoka.

"Siku ile ya gari," Hadubini anasema, na sauti yake inatoka mbaya, ya ukali, kana kwamba anamgombeza dada yake, "ulipokuwa unaosha gari. Mimi ndiye uliyeniambia wa kwanza. Nikacheka. Nikasema kawaida."

"Najua," dada yake anasema. "Nilikuwepo."

…na feni ya mashine inavuma, na Hadubini alikuwa amejiandaa kwa hapana mdogo wangu usijilaumu, hayo ndiyo maneno aliyoyaogopa na kuyatamani, angeyapata angelia yakaisha, lakini dada yake hayasemi, anavuta kigoda cha pili, anakaa polepole kama wanavyokaa waliopasuliwa, anaweka mkoba magotini, anasema, "Nilikukasirikia. Sikwenda popote miezi sita. Unajua kwa nini? Kwa sababu nilishakwenda hospitali. Wewe ndiye ulikuwa hospitali yangu," na bado anamtazama usoni, macho makavu, yale macho ya kutazama barabara, "halafu nikaugua kweli, na wewe ukawa unanibeba bafuni, nikaona sasa nitamgombeza vipi mtu aliyenibeba, nikasema ngoja nipone kwanza, nikipata nguvu nitamkaripia vizuri, atasikia mpaka mtaa wa pili."

"Nikaripie sasa."

"Nimeshakukaripia. Hukusikia?"

Amesikia, na jambo la ajabu, hasira ipo, bado ni moto ule ule, lakini haimzunguki tena kichwani kama nzi ndani ya chupa, imesimama, ina miguu, wako wawili sasa wenye hasira katika chumba hiki, na mmoja wao, dada yake, ndiye mwenye haki nayo, na mtu anaweza kufanya kazi akiwa na hasira ya namna hii, dada yake anaonyesha mashine kwa kidevu, "Ndiyo hiyo? Bado ngapi?" dakika mbili na nusu, "Haya, nionyeshe za nyuma, maana kila nikiuliza naambiwa niko vizuri," na Hadubini anakigeuza kioo cha kompyuta, anazifungua zote nne, mia mbili na kumi na mbili, sitini na nne, sabini na moja, themanini na nane, na dada yake anavaa miwani, anasogea, kidole chake kinateremka na safu ya namba, kinafika mwisho, kinarudi juu, kinateremka tena.

"Hii imeshuka, baadaye inapanda."

"Inapanda."

"Na hapa pembeni wamenibandikia kawaida."

"Wamekubandikia kawaida."

"Na picha ni baada ya miezi sita, yule kijana ameniambia," dada yake anasema, anavua miwani, na uso wake, ambao benchi zima lilikuwa likiutazama na kucheka, umekuwa uso mwingine, uso wa siku ile mwanafunzi alipopita taa nyekundu akasema sikuiona, "Hii sehemu tupu hapa chini ni ya nini?" ni ya maelezo, "Na nani anaruhusiwa kuandika?" hakuna, lakini naandika, "Basi andika, unaningojea mimi? Anza na tarehe," na yeye anaanza na tarehe, kisha namba zote kwa mpangilio wake, vidole vinakwenda, kiashiria kinapanda kwa vipimo viwili mfululizo, cha tatu kiko mashineni, mgonjwa alikuwa na kiwango cha juu kabla ya upasuaji, naomba apigwe picha wiki hii, jina lake mwenyewe na namba yake ya kazi, ili mkuu asihangaike kutafuta ni nani, na ya leo bado haijatoka, kijani kile kile kinawaka pembeni yao, na dada yake ameinama juu ya bega lake akisoma kila herufi, pumzi yake ya joto inampiga sikioni.

"Ongeza haraka," dada yake anasema.

"Nimeandika wiki hii."

"Nimeona. Ongeza haraka. Na uandike kwa herufi kubwa."

Akaandika kwa herufi kubwa.